Je, Wajua? Minyoo Midogo ya Farasi na Hesabu za Usugu wa Dawa

Farasi anayekula majani ya malishoni huishi na minyoo tumboni mwake maisha yake yote, na mara nyingi idadi ya minyoo hiyo hufikia maelfu, au hata mamia ya maelfu, bila mwenyewe kuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa. Sehemu kubwa ya umati huo ni ya kundi ambalo wataalamu hulitambua kwa jina la siathostomini, yaani minyoo midogo ya mviringo, myeupe au yenye wekundu kidogo, isiyozidi sentimita 2 na nusu kwa urefu, ambayo makazi yake ni utumbo mpana pamoja na ule mfuko mkubwa ambamo utumbo mpana unaanzia. Kundi hili lina spishi takribani 50, nazo huwapata farasi, punda na punda milia, na si ajabu kwa farasi mmoja kubeba zaidi ya spishi 10 kwa wakati mmoja. Kwa muda mrefu minyoo hiyo ilidharauliwa kwa kuonekana haina madhara makubwa, na dharau hiyo, kama itakavyoonekana, ndiyo iliyoipa nafasi ya kuwa tatizo kuu la tiba ya minyoo ya farasi duniani.

Maisha ya mnyoo huu yamegawanyika sehemu mbili, moja nje na nyingine ndani ya mwili wa farasi, na hakuna hesabu yoyote juu yake inayoweza kusimama bila kuzingatia sehemu zote mbili. Mnyoo jike hutaga mayai ndani ya utumbo, mayai hutoka na kinyesi, na yakipata unyevu, hewa na joto la kutosha huanguliwa kuwa lava, yaani viumbe vichanga vinavyokula bakteria wa kinyesini na kujivua ngozi mara mbili kabla ya kufikia hatua ya tatu. Lava wa hatua ya tatu habambui ngozi yake ya awali bali hubaki ndani yake, na kwa kuwa ngozi hiyo imemziba mdomo, hawezi kula chochote, hivyo huishi kwa akiba ya nguvu aliyojiwekea tangu alipokuwa kinyesini. Hali hiyo ina matokeo mawili yanayokinzana: joto la nyuzi 25 hadi 33 za Selsiasi humkuza lava kwa siku chache tu, lakini joto hilohilo humfanya aimalize akiba yake upesi na kufa, ilhali baridi humchelewesha kukua, lakini aliyekwisha kukua huweza kuishi malishoni miezi mingi, hata chini ya theluji. Mvua au umande ukitanda juu ya majani, lava hupanda katika utando huo wa maji, na farasi humla pamoja na majani.

Akishamezwa, lava huvua ile ngozi na kujichimbia katika ukuta wa utumbo mpana, ambako mwili wa farasi humzungushia kifuko chembamba cha nyuzinyuzi. Humo anaweza kukua kwa wiki chache kisha akatoka na kuwa mnyoo mpevu, au anaweza kusimamisha ukuaji wake kabisa na kulala kwa miezi mingi, pengine zaidi ya miaka miwili. Katika baadhi ya farasi, zaidi ya asilimia 90 ya minyoo yote huwa katika hali hiyo ya usingizi, isitage yai hata moja na isionekane katika kipimo chochote cha kinyesi. Hatari huja pale ambapo lava hao huamka wengi kwa pamoja na kupasua ukuta wa utumbo kwa wakati mmoja, jambo ambalo katika nchi zenye majira ya baridi hutokea zaidi mwishoni mwa baridi na mwanzoni mwa machipuko, na huwapata hasa farasi wenye umri chini ya miaka 6. Farasi huharisha ghafla, hupoteza protini ya damu, huvimba chini ya tumbo na kukonda ndani ya siku chache, na karibu nusu ya wanaougua hivyo hufa hata wakitibiwa.

Tiba ya minyoo ya farasi, hata hivyo, haikubuniwa kwa ajili ya siathostomini. Adui aliyeogopwa katikati ya karne ya 20 alikuwa Strongylus vulgaris, mnyoo mkubwa zaidi ambao lava wake husafiri ndani ya mishipa ya damu hadi kwenye mshipa mkuu unaolisha utumbo, akausababishia uvimbe na mabonge ya damu, na mwishowe sehemu ya utumbo ikafa kwa kukosa damu. Ilipopatikana dawa ya thiabendazole mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti J. H. Drudge na E. T. Lyons wa Chuo Kikuu cha Kentucky nchini Marekani walipendekeza mwaka 1966 kwamba farasi wote wa shamba wapewe dawa kila baada ya miezi miwili. Pendekezo hilo lilikuwa la busara kwa adui aliyelengwa, kwa sababu Strongylus vulgaris huhitaji karibu nusu mwaka ndani ya farasi kabla ya kuanza kutaga, na dawa ya kila miezi miwili ilimkatiza kila mara kabla hajazaa. Katika mashamba yaliyofuata ratiba hiyo, mnyoo huo ulikaribia kutoweka. Siathostomini, ambao wengine huzaa wiki 5 au 6 tu baada ya kumezwa, walibaki, na kila dozi iliyokusudiwa kumuua mwenzao iliwachuja na wao.

Kuchujwa huko ndiko kunakoitwa uteuzi wa usugu. Dawa haimfundishi mnyoo kuihimili, bali huua wasio na uwezo huo na kuwaacha wachache waliozaliwa nao, ambao huurithisha kwa watoto wao. Katika kundi la dawa za benzimidazole, ambalo thiabendazole na fenbendazole ni sehemu yake, dawa hunasa katika protini iitwayo tubulini inayojenga nguzo ndogo ndani ya seli za mnyoo, na badiliko la herufi moja tu katika jeni ya protini hiyo linatosha kuifanya dawa isinase. Usugu dhidi ya kundi hilo uliripotiwa katika miaka ya 1960 hiyohiyo, na leo umeenea karibu kila bara ambako umepimwa. Pirantelu, dawa inayomkaza mnyoo misuli hadi akapooza, nayo imepoteza nguvu mahali pengi. Lililobaki ni kundi la aivamektini na moksidektini, dawa zinazofungua milango ya chembe za kloridi katika neva na misuli ya mnyoo na kumlegeza kabisa. Aivamektini ya farasi iliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980, nayo ni ileile ambayo tangu mwaka 1987 imekuwa ikitolewa bure kwa binadamu dhidi ya usubi, ule ugonjwa wa upofu wa mtoni unaojulikana vyema Kongo, Uganda na katika milima ya Mahenge nchini Tanzania. Wagunduzi wake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015.

Dalili kwamba hata kundi hili linachoka hazikuanza kwa dawa kushindwa waziwazi. Zamani farasi akipewa aivamektini, mayai ya minyoo hayakuonekana tena katika kinyesi chake hadi zipite wiki 8 au zaidi, lakini kuanzia miaka ya 2000 muda huo ulianza kufupika, na katika mashamba mengi sasa ni wiki 4 au 5. Maelezo yaliyopatikana ni kwamba lava wakubwa walio ndani ya utumbo, waliokaribia upevu, ndio waliokuwa wa kwanza kunusurika, wakaanza kutaga muda mfupi baadaye. Mwaka 2020 ikachapishwa taarifa ya farasi wachanga wa mbio walioingizwa Marekani kutoka Ireland wakiwa na siathostomini ambao aivamektini haikuwaondoa ipasavyo, na punde zikafuata taarifa za aina hiyo kutoka Australia.

Yote haya hujulikana kwa njia ya kuhesabu mayai, kazi ambayo ni nyepesi kuieleza kuliko kuitafsiri. Gramu 4 za kinyesi husagwa katika mililita 26 za maji yaliyokolezwa chumvi au sukari, uzito wa maji hayo huyaelesha mayai juu, na sehemu ya mchanganyiko huwekwa katika kioo maalumu cha McMaster, kilichobuniwa Australia katika miaka ya 1930 kwa ajili ya kondoo. Vyumba viwili vya kioo hicho hubeba mililita 0.3 kwa jumla, kiasi ambacho kina gramu 0.04 tu za kinyesi, na kwa hiyo kila yai linaloonekana katika hadubini huhesabiwa kuwa mayai 25 kwa gramu. Mtu asipoona yai lolote hawezi kudai kwamba hakuna mayai, na anayeona matatu badala ya mawili hawezi kuapa kwamba farasi wake amezidiwa. Farasi mwenye mayai 500 kwa gramu, akitoa kilo 15 za kinyesi kwa siku, hupanda malishoni mayai milioni 7 na nusu kila siku, lakini idadi hiyo haisemi chochote juu ya lava waliolala katika ukuta wa utumbo wake.

Hapo ndipo umuhimu wa modeli za kihisabati unapojitokeza. Modeli ya aina hii ni mfumo wa milinganyo inayofuatilia idadi ya minyoo siku baada ya siku katika kila hatua ya maisha yake, kuanzia yai, lava wa kinyesini, lava wa majanini, lava aliyelala na lava anayekua hadi mnyoo mpevu, huku kila hatua ikiwa na kiwango chake cha kukua na cha kufa. Viwango vya hatua za nje hutegemea joto na mvua zilizorekodiwa katika kituo halisi cha hali ya hewa, na viwango vya hatua za ndani hutegemea umri wa farasi, kwa kuwa kinga yake dhidi ya siathostomini hujengeka polepole na haikamiliki kamwe. Kisha minyoo yote hugawanywa kwa urithi: yenye nakala mbili za jeni ya usugu, yenye nakala moja, na isiyo nayo kabisa, na dozi ya dawa huingizwa kama tukio linaloua kila kundi kwa kiwango tofauti. Modeli za namna hii kwa siathostomini zilitungwa hasa na watafiti wa taasisi ya AgResearch ya New Zealand wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kentucky, na zilichapishwa kati ya mwaka 2015 na 2019. Faida yake ni dhahiri, kwani usugu huchukua miaka mingi kujengeka, na hakuna mfugaji atakayekubali mashamba 20 yaharibiwe kwa makusudi ili ijulikane ni ratiba gani ya dawa iliyo mbaya zaidi.

Wazo lililo katikati ya modeli hizi ni lile la kimbilio, yaani sehemu ya minyoo ambayo dawa haikuifikia siku ilipotolewa: lava walioko majanini, minyoo ya farasi ambao hawakupewa dawa, na, kwa aivamektini isiyowapenya, lava waliolala katika ukuta wa utumbo. Nguvu ya wazo hilo huonekana kwa hesabu ndogo. Na ichukuliwe kwamba farasi mmoja ana minyoo 10,000, na kwamba 10 kati ya hiyo ni sugu, yaani mmoja katika kila 1,000. Dawa inayoua minyoo 999 kati ya kila 1,000 isiyo sugu itaacha 10 hivi ya kawaida iliyoponea chupuchupu, pamoja na ile 10 iliyo sugu. Farasi huyo akihamishiwa siku hiyohiyo kwenye malisho mapya yasiyo na lava, kizazi kizima kitakachofuata kitatokana na minyoo hiyo 20, na nusu yake itakuwa na urithi wa usugu. Akiachwa katika malisho yaleyale akameza lava 10,000 ambao hawajawahi kukutana na dawa, na ambao kati yao mmoja katika kila 1,000 ni sugu, minyoo sugu itakuwa 20 kati ya 10,020, yaani takribani miwili katika kila 1,000. Dawa ni ileile na dozi ni ileile. Kilichotofautiana ni lava waliokuwa majanini, na ushauri uliotolewa kwa nia njema kwa miaka mingi, wa kumpa farasi dawa na kumhamishia papo hapo malisho safi, hugeuka kuwa njia ya mkato ya kuzalisha minyoo sugu.

Kwa mantiki hiyohiyo, siku ya kutoa dawa ina uzito kama dawa yenyewe. Dozi inayotolewa wakati malisho yamejaa lava huacha kimbilio kubwa nyuma yake, na ile inayotolewa wakati malisho yamekauka kwa jua kali, au wakati baridi imezuia mayai yasianguliwe, hukuta sehemu kubwa ya minyoo yote ikiwa ndani ya farasi, mahali ambapo dawa inaifikia. Modeli zilizoendeshwa kwa takwimu za hali ya hewa za maeneo mbalimbali zilionyesha kwamba ratiba moja haiwezi kuleta matokeo yaleyale kila mahali, na kwamba umri wa farasi wa shamba nao hubadili jibu, kwa vile wachanga hutoa mayai mengi kuliko wazee. Zilionyesha pia jinsi jibu linavyoyumba kutegemea iwapo mnyoo wenye nakala moja ya jeni ya usugu hufa kwa dawa au hupona. Jambo hili linaonekana dogo, lakini likikosewa, makadirio ya miaka hupishana kwa mbali.

Kutokana na hoja ya kimbilio ndipo ulipotoka ushauri wa kutibu kwa kuchagua. Katika kundi la farasi wazima, asilimia 20 hivi hutoa karibu asilimia 80 ya mayai yote, na hali hiyo hudumu kwa farasi haohao mwaka hadi mwaka. Wakitibiwa hao peke yao, malisho hupunguziwa mayai mengi, na minyoo ya wale wasiotibiwa huendelea kuzaa kizazi kisichochujwa. Chama cha madaktari wa farasi cha Marekani hutumia mayai 200 kwa gramu kuwa mpaka wa farasi anayetoa machache, na 500 kuwa mpaka wa anayetoa mengi. Pendekezo jingine ni kutoa dawa mbili za makundi tofauti kwa pamoja, ili mnyoo unaohimili moja uuawe na nyingine. Hesabu yake ni nzuri mno pale dawa zote mbili zingali na nguvu, lakini kwa farasi pendekezo hilo limechelewa kwa miongo kadhaa: jaribio lililofanywa Kentucky kwa kuchanganya oksibendazole na pirantelu, zote zikiwa zimekwisha kudhoofika, lilionyesha mchanganyiko huo nao ukiporomoka baada ya kurudiwa mara chache tu.

Kutibu kwa kuchagua nako kuna gharama yake, na haitakuwa haki kuificha. Denmark iliamua mwaka 1999 kwamba dawa ya minyoo isiuzwe bila cheti cha daktari wa mifugo, na mashamba mengi nchini humo yakazoea kuhesabu mayai kwanza. Zaidi ya miaka 10 baadaye watafiti walibaini kwamba Strongylus vulgaris, yule adui wa zamani, alikuwa amerejea, na alionekana zaidi katika mashamba yaliyotibu kwa kuchagua. Mayai yake hayatofautishiki na ya siathostomini kwa macho, hivyo farasi mwenye mayai machache anaweza kuachwa bila dawa ilhali yale machache ni ya mnyoo unaoua. Ndiyo maana miongozo ya sasa inataka kila farasi mzima apate dozi moja au mbili kwa mwaka, na nyongeza itolewe kwa wenye mayai mengi tu. Modeli nazo zina mipaka yake: nyingi zimejengwa kana kwamba siathostomini ni mnyoo mmoja mwenye tabia moja, na hilo ndilo pengo lake kubwa, kwa sababu ndani ya spishi 50 hapana shaka kwamba zipo zinazowahi kuwa sugu na zinazochelewa, na tena muda wa usingizi wa lava, ambao huamua ukubwa wa kimbilio la ndani, ni mgumu kupimwa katika farasi aliye hai.

Katika Afrika Mashariki farasi ni wachache, wengi wao wakiwa wa mbio, wa polo na wa kupandwa, lakini punda ni mamilioni, nao hubeba siathostomini walewale. Mji wa Lamu, ambao usafirishaji wa mizigo katika vichochoro vyake umetegemea punda kwa karne nyingi, una kituo cha tiba ya punda tangu mwaka 1987, na dawa ya minyoo ni sehemu ya kawaida ya huduma ya namna hiyo. Mantiki ya kimbilio hapa haifuati theluji bali mvua: lava hustawi masika na vuli, na hufa haraka wakati wa kiangazi, kwa hiyo dozi ya punda wote inayotolewa katikati ya kiangazi, wakati malisho ni vumbi tupu, ndiyo inayochuja zaidi. Kuzoa kinyesi malishoni mara mbili kwa wiki, kazi isiyohitaji dawa wala maabara, hupunguza lava kwa kiasi kikubwa na haichuji mnyoo wowote kwa dawa.

Tangu aivamektini na ndugu yake moksidektini zilipoanza kutumika, hakuna kundi jipya la dawa dhidi ya siathostomini lililoingia katika soko la farasi. Mwenye farasi au punda, kabla ya kununua dozi nyingine, na apeleke gramu chache za kinyesi kwa daktari wa mifugo zihesabiwe mayai, kisha arudie hesabu hiyo siku 14 baada ya kutibu ili ajue kama dawa aliyoilipia bado inaua.